Bati la Dado

Mume wangu Dukicha angeweza kukueleza ng'ombe wake mmoja mmoja, kwa rangi, kwa pembe, kwa mama na kwa bibi, toka alfajiri mpaka jua lichome. Lakini ukimuuliza ni wangapi, atakuangalia kama umemtukana. Sisi Waorma hatuhesabu. Ng'ombe akihesabiwa hupungua, na mtoto ni zaidi ya ng'ombe. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa pwani wakisikia habari yetu hucheka, wakidhani Dukicha alikuwa mjinga. Hakuwa mjinga. Alikuwa mkaidi, na mimi niliyeolewa naye ndiye najua tofauti.

Ilikuwa katikati ya miaka ile ya hamsini. Kule Hola Serikali ilikuwa na mifereji yake na mahabusu wa kuichimba. Kwetu huku chini, karibu na Garsen, ilikuja kampuni kujenga tuta la kuzuia mto ili nyuma yake palimwe mpunga. Wapokomo wakachimba, Wagiriama wakachimba. Dukicha hakushika jembe, Mungu apishe mbali. Alichukuliwa kuchunga maksai wa kuchinjwa kulisha kambi. Kijana wetu Jarso tukamwacha na mifugo ya ukoo, sisi wengine tukajenga kibanda nje ya seng'enge ya kambi: mimi, Dukicha, mama yake Sabdio, na binti zetu Dado na Hawa.

Karani wa kambi alikuwa Athmani, mtu wa Kipini, kanzu yake safi hata katikati ya matope. Siku ya kuandikishwa alikaa juu ya sanduku, wanaume mbele, wanawake nyuma, akatupa habari ya matibabu.

"Sikizani vyema, jamaa, nisije nikalaumiwa," alisema. "Kampuni ina banda la wagonjwa, ina dresa wa kutibu na dawa. Mfanyakazi akiugua hutibiwa bure, yeye na mkewe na wanawe na mzazi akaaye naye. Hii yaitwa bima, na ni bima ya muda. Yaanza leo, na siku tuta likisha, nayo yaisha. Ni ya walioandikwa, si ya jirani wala si ya mgeni. Na maradhi mtu aliyokuja nayo, hayo ni yake, kampuni haikuyaleta."

Mpokomo mmoja akauliza, "Na mtoto nikimwandikisha baadaye?"

"Mlete akiwa mzima, tumwone ni mzima, aandikwe. Ukimleta mgonjwa umechelewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo utaujenga wewe, si kampuni."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilielewa. Hata leo sielewi kwa nini watu husema mambo yale yalikuwa magumu. Mtu anakuambia mlango uko wapi na utafungwa lini. Kazi yako ni kuingia.

Zamu ya Dukicha ikafika.

"Wana wangapi?" Athmani akauliza.

Dukicha akatazama mto.

"Watoto, mzee. Unao wangapi?"

"Mimi watoto iko," Dukicha akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Wapo wangapi?"

"Wewe andika Jarso. Andika Dado. Andika mama yangu, andika mama hii hapa nyuma. Basi."

Hawa alikuwa mgongoni kwangu, chini ya shuka, amelala na mate yake yanalowesha shingo yangu. Nilisubiri Dukicha afungue kinywa tena. Hakufungua. Kwetu mke hamkosoi mumewe mbele ya mgeni, basi nikauma ulimi, na Athmani akapita kwa mwingine. Kila aliyeandikwa akapewa kipande cha bati kilichopigwa namba, chenye tundu la uzi, avae shingoni. Watu wa kambi hawakusema bima. Walisema bati. Fulani ana bati, fulani hana.

Tulipofika nyumbani niliuachia ulimi. Nilimuuliza kama Hawa alikuwa mtoto wa fisi. Dukicha akakaa chini taratibu, akaniambia kwa lugha yetu, "Mama Jarso, kati ya Dado na Hawa kuna makaburi. Wale wote tuliwaonyesha watu. Tuliwasifu, tuliwataja mbele ya kila mgeni. Huyu nimemficha, na huyu yuko hai. Unataka nimtoe nje, nimweke juu ya sanduku la yule Mbajuni?"

"Athmani si Mbajuni, ni mtu wa Kipini. Na macho ya watu hayaleti kichomi."

"Wewe unajua kinacholeta kichomi?"

Sikujua. Nikamwambia kama hajui na mimi sijui, basi tushike bati, kwa maana bati tunalijua. Akasema kesho atamwongeza. Kesho ya Dukicha ni kama mkia wa ng'ombe, daima uko nyuma. Kila nilipomkumbusha, alikuwa na maksai aliyepotea.

Katikati ya kiangazi Dado alichomwa na mwiba wa mgunga kwenye unyayo. Jeraha likaoza. Alikuwa na bati, nikampeleka, na dresa wa wakati huo, mzee mmoja mpole, akampiga sindano ya dawa nyeupe kama maziwa, penisilini. Hatukufika hata mlangoni. Midomo ya mtoto ilivimba, macho yakafumba, pumzi ikawa inapiga filimbi. Yule mzee alihangaika naye mpaka akarudi duniani. Kisha akachukua brashi, akapaka mstari mwekundu juu ya bati la Dado. Akaniambia, "Mama, huyu asichomwe tena dawa hii maisha yake. Dresa yeyote akiona wekundu huu atajua." Nikamshukuru. Jeraha likapona kwa kuoshwa, likaacha kovu refu chini ya mguu. Ile rangi nikaizoea, ikawa rangi tu, kama ushanga.

Mvua zikaja kubwa kuliko walivyotaka watu wa tuta. Yule mzee alikuwa amekwenda zake, na mahali pake akaja Iha, kijana wa Kigiriama, mwembamba, mwenye kuosha mikono kila saa. Mto ukapanda. Ukaizunguka kambi na vibanda vyetu, tukabaki juu ya kipande cha ardhi kavu kama kuku juu ya kinu. Katika hali hiyo Hawa akaanza kukohoa.

Mwanzo kilikuwa kikohozi cha watoto wote. Kisha homa, kisha akawa anapumua kwa mbavu, ngozi inazama katikati yake kila anapovuta hewa. Alikuwa hajafika miaka mitano. Nilimwambia Dukicha tumpeleke Ngao, kwenye hospitali ya misheni. Alikwenda kwa wenye mitumbwi, akarudi amelowa mpaka kifuani. Mto ulikuwa unashuka na miti mizima na mizoga ya mbuzi, na hakuna Mpokomo mwenye akili aliyekubali kuingia.

"Basi ni banda la kambi," nikasema.

"Hana bati."

"Nani alimnyima?"

Sikumngoja ajibu. Nikamwita Dado, nikakata uzi shingoni kwake, nikaufunga shingoni kwa Hawa. Wote ni wasichana, wote wadogo, na Iha hakuwahi kuwaona. Nikamwinamia Hawa sikioni, nikamwambia, "Ukiulizwa jina, wewe ni Dado." Dado mwenyewe alisimama pale akijishika shingo. Sikuwa na nafasi ya kumtazama.

Banda la wagonjwa lilikuwa la mabati, madirisha yake ya waya. Sheria ilikuwa mama akiingia na mtoto hatoki mpaka mtoto atoke, ili asibebe maradhi kwenda kambini wala matope kuja ndani. Mlango ulifungwa kwa komeo la nje. Iha akasoma namba ya bati, akaniuliza jina la mtoto, nikasema Dado binti Dukicha. Akamwekea Hawa sikio kifuani. Akakunja uso.

"Ni kichomi, mama, pafu la upande huu limeshajaa. Lakini usiogope, dawa yake ipo."

Akaosha mikono. Akachukua bomba la sindano kwenye maji ya moto, akavunja kichupa, akavuta ile dawa nyeupe kama maziwa. Nilimwona kama malaika. Akainama kumgeuza mtoto, na bati likateleza likalala juu ya mto. Iha akalitazama. Akasimama wima, sindano mkononi.

"Huyu ana wekundu."

Hapo ndipo nilipokumbuka, hapo hapo, na si kabla.

"Ni rangi tu," nikasema.

"Si rangi tu. Alishawahi kuvimba baada ya sindano?"

Ningesema nini? Nikisema alivimba, nimemnyima Hawa dawa. Nikisema hakuvimba, bati linanikana. Nikasema yule mzee alikuwa haoni vizuri, alipaka bati la mtoto wangu badala ya la mwingine. Iha alinitazama kwa huruma, akairudisha sindano kwenye sahani.

"Mama, siwezi. Nikimchoma anaweza kufa kabla sijaichomoa. Nitampa vidonge. Si kama sindano, lakini vinasaidia."

Vidonge nilivisaga, nikavikoroga kwa maji, nikamnywesha. Alivitapika. Nikamnywesha tena, akatapika tena. Na mlango ulikuwa umefungwa kwa nje.

Kitanda cha pili alilala Mwanatumu, mke wa Athmani karani, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye maneno. Alipenda kumsemesha mtoto.

"Dado! Dado, mwanangu, tazama huku."

Hawa akatazama dari.

"Dado!"

"Mimi si Dado," Hawa akasema kwa sauti ndogo iliyokatika katikati. Alisema kwa Kiorma, lakini alitikisa kichwa, na jina ni jina katika lugha yoyote.

Mwanatumu akanigeukia. Nilijifanya nakunja shuka. Akacheka kidogo kidogo, tumbo lake likitikisika.

"Haya, mwenzangu. Mtoto alikataa jina lake hilo! Usinifanyie macho hayo, mie si wa kusema. Wajua tumbo langu hili ninalo tangu Kipini? Maradhi ya zamani, miaka. Bwana wangu nilimwambia lilianza juzi, naye kaandika juzi. Humu bandani kila mtu ana uongo wake, ndio uliomfungulia mlango." Kisha akaacha kucheka. "Lakini wewe usifungue kinywa. Ukifungua, watatuangalia sote mmoja mmoja. Mtoto atapona kwa vidonge. Mwombe Mungu na ukae kimya."

Nikakaa kimya. Nilikaa kimya nikisikiliza pumzi za Hawa, na kila pumzi ilikuwa fupi kuliko ya nyuma yake. Dukicha alikuja kusimama nje ya dirisha, maji yanampita magotini, vidole vyake vimeshika waya. Nikamweleza habari ya wekundu.

"Waambie," nikasema. "Waambie huyu ni nani, wamchome."

"Nikiwaambia watamtoa."

"Asipochomwa atakufa kitandani."

"Wakimtoa atakufa majini. Na watatunyang'anya mabati wote, na mama yangu na kifua chake kile. Ngoja kidogo. Vidonge vitafanya kazi."

"Kila siku ngoja! Ulimngojesha alipokuwa mzima!"

Nilipiga kelele mpaka wagonjwa wakainua vichwa. Nilikuwa na hasira naye, na hasira hiyo haikunisaidia kitu, kwa sababu mimi ndiye niliyemvisha Hawa bati lile. Dukicha alimfungia mlango mmoja, mimi nikamfungia mwingine, na sote wawili tulifanya hivyo ili aishi. Niliwaza hayo nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, nikatamani kuvunja dirisha kwa kichwa.

Kesho yake adhuhuri Iha alikuja kumchoma Mpokomo wa kitanda cha mwisho. Dawa ile ile. Nilimwona mtu mzima mwenye mbavu kama fito akichomwa, akageuka ukutani na kulala, na pumzi zake nilizijua, zilikuwa zimeanza kulegea tangu asubuhi. Hawa kucha zake zilikuwa za buluu.

"Daktari," nikasema, "huyu wangu akichomwa hiyo atapona?"

"Angepona, kama isingemuua."

"Haitamuua."

"Mama, tulishaongea."

"Huyu si Dado."

Nyuma yangu kitanda cha Mwanatumu kililia. Iha aliweka sahani chini.

"Ni nani?"

"Anaitwa Hawa. Ni mdogo wake. Dado ndiye aliyevimba, Dado yuko nyumbani. Huyu hajawahi kuchomwa sindano tangu azaliwe. Hakuandikwa. Nimemvisha bati la dadake."

Nilidhani atanifokea. Nilikuwa tayari kwa hilo. Hakufoka. Alikaa kwenye kitanda kitupu akayashika magoti yake, na nikaona kwamba kijana yule alikuwa anaogopa kuliko mimi.

"Jana uliniambia huyu ni Dado na rangi ni ya makosa," akasema. "Leo unaniambia si Dado. Nitajuaje ni lipi la kweli? Mama ambaye mtoto wake anakata roho atasema lolote ili achomwe. Nikikuamini na kumbe umedanganya leo, nimemuua mtoto kwa mkono wangu, na bati lenye wekundu liko shingoni kwake. Nitafungwa, na mtoto hatarudi."

"Naapa kwa Mungu."

"Usiape. Mlete huyo Dado. Nione kovu lake, niwaone wote wawili kwa pamoja."

Akaenda mlangoni mwenyewe, akamwita Dukicha aliyekuwa bado anazunguka banda kama maksai aliyefungwa. Akamwambia maneno yale yale. Nikasogea dirishani, nikamwona mume wangu amesimama kwenye maji, ndevu zinadondoka. Alikuwa anaombwa awatoe wasichana wake wote wawili, awasimamishe mahali pamoja, mbele ya mtu asiyemjua, wakaguliwe.

"Baba Jarso," nikamwambia kwa lugha yetu, na sikupiga kelele tena. "Umemficha vya kutosha. Hapo alipo hata kifo hakihitaji kumtafuta."

Akageuka akaenda. Sikujua kama anakwenda kumleta Dado au anatukimbia. Nilimshika Hawa mkono, nikazisikiliza pumzi zake nikiogopa kuzipa namba. Mwanatumu alikuwa amefunika uso kwa leso, hasemi nami.

Akarudi amembeba Dado mabegani, maji yakiwa yamemfika kiunoni. Iha akawaingiza ndani, akamketisha Dado kwenye kitanda, kando ya mdogo wake, akainua mguu wake. Kovu lilikuwepo, refu, jeupe chini ya unyayo. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Wana pua moja, ya Dukicha.

"Wote wawili ni watoto wako?" akamuuliza Dukicha.

Dukicha akamwekea Dado mkono kichwani. "Hii Dado," akasema. "Na hii..." Akafuta uso. "Hii Hawa. Hii yangu. Hii mtoto yangu, daktari, mimi nilimficha. Piga yeye sindano."

Iha akaosha mikono. Alipochoma, hata Mwanatumu alifunua leso. Tulikaa tukiitazama midomo ya Hawa kama watu wanaotazama maji jikoni. Haikuvimba. Jioni ilipoingia kucha zilikuwa na rangi ya kucha.

Kelele zangu na safari ya Dukicha majini vilishafika ofisini. Athmani akaja, kanzu ameikunja mkononi. Alimsikiliza Iha mpaka mwisho. Hakumtazama mkewe, na mkewe alikuwa amegeukia ukuta, amelala usingizi wa mtu aliye macho.

"Mzee," akamwambia Dukicha, "nilikuuliza wana wangapi. Nilikuuliza mara tatu. Ungetaja jina moja zaidi, leo mtoto huyu angekuwa na kibati chake, safi, kisicho na rangi, angechomwa saa aliyoingia. Bima haikukukataa. Wewe ndiwe uliyeikataa."

Dukicha aliinamisha kichwa. Mimi sikuinamisha.

"Sasa mwandike," nikasema. "Amechelewa, lakini yupo hapa. Mwandike."

"Ni mgonjwa, mama. Simwandiki mgonjwa. Nilisema mbele ya watu wote, nawe ulikuwepo." Akamgeukia Iha. "Hiyo sindano, umeshaianza? Yataka siku ngapi?"

"Akiachwa katikati itakuwa bure, na tuliyotumia imemwagika."

"Basi imalize. Mali ya kampuni haimwagwi." Hakutuhurumia sisi, aliihurumia dawa, lakini nilimshukuru hivyo hivyo. Kisha akanyoosha kiganja. "Vibati. Vyote vya nyumba yenu. Aliyemvalisha mtu kibati kisicho chake, nyumba yake huondolewa mpaka tuta lishe. Kazi ya ng'ombe anayo, sina ugomvi na kazi yake. Matibabu hana, wala mkewe, wala mamake, wala wana."

"Ondoa mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyefanya. Huyu mtoto ana kosa gani?"

"Bima ni ya nyumba."

Akakata uzi wa Hawa, akakata wangu. Dukicha akauvua wake mwenyewe. Cha bibi Sabdio na cha Jarso, kilichokuwa kibandani, vilifuata kesho yake. Nilivisikia vikigongana mfukoni mwa kanzu yake alipokuwa akitoka.

Hawa alipona. Nalisema bila kuzungukazunguka kwa sababu najua ndilo mnalotaka kusikia. Dawa ilipokwisha aliketi akaomba maziwa, na Dukicha alikwenda nje akalia, mtu mzima mwenye mkuki. Walitufungulia komeo, nikatoka na mtoto wangu mgongoni, na mara ya kwanza baada ya siku zote zile nikaona anga lote. Chini ya anga kulikuwa na maji, kila upande. Tuta halikuwa limefika hata nusu. Mto ulikuwa bado unapanda, na Ngao ilikuwa ng'ambo ya pili kama zamani.

Bibi Sabdio alimpokea Hawa, akamlaza karibu na moto. Dukicha akaenda kwa maksai wa watu. Dado alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha kibanda, mikono kati ya magoti. Tangu nimkate uzi ule sikuwa nimemsemesha neno la maana, mtoto yule mtulivu asiyesumbua mtu. Nikakaa karibu naye.

"Hawa amepona, ayo?" akaniuliza. Ayo ndiyo mama kwetu.

"Amepona."

"Kwa bati langu?"

"Kwa bati lako."

Akafikiri. "Sasa utanirudishia?"

"Limechukuliwa, Dado. Yote yamechukuliwa, mpaka tuta liishe."

Akatazama maji, akatazama lile tuta lililokatika mbali, watu wakiwa juu yake wadogo wadogo. "Na mimi nikiumwa?"

Nikavuta shuka langu, nikamfunika mabega.

"Usiumwe," nikamwambia. Nilimwambia kwa ukali, kama anayemtuma kuni.

"Sawa, ayo," akasema Dado. "Sitaumwa."

Kisha akabana midomo, mashavu yakajaa, mabega yakatikisika, akakizuia kikohozi mpaka machozi yakamtoka.